Uzoefu wangu na furushi la kutunzia kichwa baada ya kupandikiza nywele

Hili ni furushi ambalo kliniki za Istanbul humkabidhi mteja wa FUE, yaani upandikizaji wa kutoa vinyweleo kimoja kimoja kisogoni, anapoondoka. Langu lilikuwa la vipandikizi 2,400 (vipande vidogo vya ngozi vyenye mizizi ya nywele), vyote mbele. Ndani mlikuwa na chupa ya kupuliza yenye maji ya chumvi, losheni ya povu yenye panthenoli, shampuu, mto wa shingo, utepe wa paji, kofia laini na vidonge vya bayotini, aina ya vitamini. Vifaa vingi ni vizuri. Kasoro kubwa ni karatasi ya maelekezo: imeandikwa kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka, anayeoga maji ya bomba la jiji. Mwenye nywele za kipilipili anayerudi Dar, Tanga au Mombasa inabidi aongeze mambo ambayo hayamo humo.

Nianze na maji ya chumvi, kwa kuwa ndiyo kazi ya siku za mwanzo. Kipandikizi kikikauka kabla hakijapata damu, hufa. Siku 3 za kwanza nilikuwa napuliza kila baada ya nusu saa hadi saa moja nikiwa macho, chupa ikiwa umbali wa shubiri moja, ukungu tu, usitiririke. Chupa ya furushi huisha upesi. Duka lolote la dawa lina maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yale yale ya dripu, katika chupa ya mililita 500. Mimina kidogo kwenye chupa safi ya kupuliza, na yaliyobaki yasipite saa 24 tangu ufungue, kwani hayana kihifadhi.

Mto wa shingo naupa alama zote. Unalala nusu umekaa, nyuzi 30 hadi 45, kwa usiku 5 hadi 7, na mto unazuia kichwa kisigeuke kikasugua shuka. Utepe wa paji pia una kazi. Kimiminika kilichodungwa pamoja na ganzi hushuka kwa uzito wake, na siku ya 3 au ya 4 paji na kope huvimba. Utepe uvaliwe vidole viwili chini ya mstari wa nywele. Ukipanda juu unang'oa safu ya mbele, ile ile iliyokugharimu. Barafu, ukiitumia, iwe kwenye paji tu na ifungwe kitambaa.

Sasa kuosha. Hapa ndipo vipandikizi vinapopona au kupotea. Siku 2 za mwanzo unywele ukivutwa hutoka na kipandikizi chake. Hadi siku ya 5, kigaga kilichoshika kikibanduliwa hutoka nacho. Baada ya siku ya 9 kipandikizi kimekwisha kushika. Ratiba yote ya kuosha inafuata hesabu hiyo.

Mwosho wa kwanza hufanywa kliniki, mara nyingi siku ya 2 au ya 3. Angalia mikono yao vizuri. Nyumbani ni mara moja kwa siku. Toa povu la losheni kiganjani, ligusishe kichwani kwa kubonyeza na kuinua, usipake kwa kuburuta. Subiri dakika 30. Panthenoli hulainisha vigaga, na ukiharakisha hatua hii utajikuta unakwangua baadaye. Suuza kwa maji ya uvuguvugu ukimimina na kopo kutoka karibu kabisa na kichwa. Bomba la mvua lenye nguvu liache mpaka wiki ya pili iishe. Shampuu iwe imeshatoa povu mkononi kabla haijafika kichwani, nayo ibonyezwe vivyo hivyo. Suuza tena, kisha kausha kwa shashi: weka, inua, weka, inua. Kisogoni walikotoa nywele unaweza kusugua taratibu kwa ncha za vidole tangu mwanzo, wala usipaogope.

Kuanzia siku ya 8 losheni ikae dakika 45, kisha zungusha nyama ya kidole, bila kucha, kwa wepesi. Siku ya 10 ongeza nguvu kidogo. Kufikia siku ya 14 vigaga viwe vimekwisha. Wapo wanaoviacha kwa woga hadi wiki ya tatu; chini yake jasho na bakteria hukaa, na vipele vya usaha hufuata.

Maji ya kisima yenye chumvi hayafai wiki hizi mbili. Shampuu haitoi povu, ngozi inakauka na kuwasha, na mkono unakwenda kujikuna usingizini. Lita 3 za maji ya kunywa ya dumu zinatosha mwosho mmoja.

Shampuu ya furushi ni ya kawaida. Yoyote isiyo na salfeti wala manukato makali, yenye pH karibu na 5.5, inafanya kazi ile ile. Bayotini ni kupoteza fedha kama huna upungufu wake, tena huvuruga baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo. Ukiwa unaimeza, mwambie daktari kabla ya kupima.

Kofia laini ni ya safarini tu, na ukiingia kwenye ndege inama: rafu za mizigo zimeng'oa vipandikizi vya watu. Kofia ya mkono tunayovaa na kanzu inabana pembeni, isubiri siku 14. Kwa wanaosali, paji likigusa zulia mstari wa mbele uko hatarini siku 10 za mwanzo. Kusali kwa ishara na namna ya kupaka maji kichwani muulize sheikh wako kabla hujasafiri, ili usije ukaamua ukiwa na maumivu.

Mafuta ya nazi, habasoda na utomvu wa mshubiri uliokatwa uani viwe mbali na kidonda. Utomvu ule wa manjano unaunguza ngozi, na jani la bustanini si safi. Kwa maumivu, parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni zinaongeza hatari ya kutoka damu.

Nywele za kipilipili zina jambo lake. Mzizi umejikunja ndani ya ngozi, na unywele unapoota upya hujipinda ukarudi ndani. Kati ya mwezi wa 2 na wa 4 vipele hutokea. Kitambaa cha maji ya moto ya kiasi, dakika 10, mara mbili kwa siku, usikamue. Vikisambaa, vikitoa usaha au ukipata homa, nenda kwa daktari. Kisogo kisinyolewe kwa wembe; baada ya mwezi tumia mashine yenye kitana. Mwenye asili ya makovu yanayovimba aliseme hilo kabla ya kulipa hata senti.

Wiki ya 3 hadi ya 8 nywele zilizopandwa hudondoka karibu zote, zikiwa na kinundu cheupe kwenye ncha. Huo si mzizi. Kipandikizi kilichong'oka kweli hutokea siku za mwanzo na huacha damu: hapo gandamiza kwa shashi safi, usijaribu kukirudisha mwenyewe. Nywele mpya huanza mwezi wa 3 au wa 4, na utosini huchelewa zaidi. Kliniki zitakuomba picha kwa WhatsApp. Zipige kwenye dirisha lile lile, saa ile ile, nywele zikiwa kavu, kwani zikilowa upara huonekana mkubwa na daktari wa mbali atakupa jibu lisilo lako.