TAHADHARI: Nimenusishwa mota ya kioo, na nikalipa

Nimepigwa, jamani, na aibu yangu nimekaa nayo siku tatu kabla ya kuandika hapa. Baba Junior hajui, kwa hiyo mkikutana naye mdomo fungeni.

Ile Toyota IST yangu mnaijua. Jumatano kioo cha dereva kilishuka kikagoma kupanda, na mvua ya Dar haina hodi. Nikaenda mitaa ya spea kule Gerezani, mtandio umefunika shavu la kulia kama naumwa jino. Nikampata kijana fundi. Huyu hakunirukia kama wale wanaogonga bodi kabla hujazima gari, ndiyo maana nikamwamini. Shikamoo ya heshima, overoli safi, tesita mfukoni. Akabonyeza swichi mara mbili, akatega sikio mlangoni kama daktari. "Mota imekufa, mama. Ila usinunue mpya, watakupiga." Ananionya nisipigwe! Wewe ungeshtuka?

Akasema jua kali, nikakae kwa dada wa juisi. Nikakaa. Baada ya dakika ishirini akaja na mota nyeusi, imejaa grisi, akaniwekea puani. "Nusa mama, imeungua." Mimi mtu mzima, na miwani yangu, nikanusa. Kweli ilinuka. Nikajitia ujanja, nikadai ile mbovu niondoke nayo. Hata hakubisha, akanifungia kwenye gazeti. Mota "used ya Japani" laki na ishirini, ufundi elfu thelathini. Kioo kikapanda. Nikampa na ya soda!

Jumamosi kikagoma tena. Simu ikaita weee, baadaye haipatikani. Fundi wa huku kwetu akatoa kava la mlango, akaniita nione. Boliti za mota vumbi limezigandia, hazijaonja spana tangu gari lije. Nikamletea ile niliyonusa. Akaigeuza, akaniangalia, akaigeuza tena. Ni ya mlango wa kushoto, ya gari lingine kabisa, plagi yake haiingii hata kwenye nyaya zangu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa waya mmoja, umekatika ndani ya ule mpira wa mikunjo kati ya mlango na bodi, pale unapopindwa kila mlango ukifunguliwa. Yule mshenzi aliuunganisha kwa kuusokota na tepu nyeusi juu. Huyu wa kwetu akauchomea kwa waya wa risasi, elfu kumi na tano.

Sasa ninyi: ufunguo ukiwa ON, fungua mlango taa ya ndani iwake, bonyeza swichi ya kioo. Taa ikififia kidogo, umeme unafika kwenye mota. Isipofifia, anzeni na fyuzi, swichi na nyaya. Yangu haikufifia, nakumbuka vizuri, na yeye fyuzi hata hakuiangalia. Anayesema mota imekufa aiguse kwenye betri mbele ya macho yako, nzima kwa kawaida itazunguka. Na ukiambiwa ukanywe juisi... lakini mimi leo sina hamu ya kufundisha. Nataka avishwe hiyo mota shingoni, azungushwe Gerezani nzima, kila kona asimamishwe ainuse. Laki na nusu ni ada ya mtoto ile! Atapike yote, na soda yangu.

Namba yake njooni inbox. Mota ipo kwenye buti, kesho naipeleka polisi. Nani ananisindikiza?