THeMIS: kwa machela nyota 5, kwa bunduki hapana

Wakuu, hii gari ya roboti ya jeshi, THeMIS ya Milrem Robotics kutoka Estonia, nimeiona kwa macho kwenye maonyesho ya silaha hapa Abu Dhabi ninapofanya kazi (tangu 2023 hisa nyingi za hiyo kampuni ziko kwa EDGE, kampuni ya silaha ya hapahapa Emirates), nikaizunguka kama vile nataka kuinunua. Mi nimeendesha malori miaka mingi, nikikutana na chombo naanza kuangalia chini.

Na chini kazi imefanyika. Ina cheni mbili kama za katapila, injini ya dizeli wameificha ndani ya cheni upande mmoja, betri upande wa pili, kwahiyo katikati pote peupe, unapakia maji, risasi, machela, chochote. Kimo inanifika kifuani tu. Spidi ni kama kilomita 20 kwa saa, na ukizima injini inatembea na betri kimyakimya. 2019 Waestonia waliipeleka Mali, jua la kule mnalijua, ikabeba mizigo. Ukraine nako zimeenda za kubeba majeruhi na za kusafisha njia zenye mabomu ya kutegwa. Hapo ndo roho yangu ilitulia kabisa, maana kumtoa majeruhi kwenye risasi kunataka watu wa kushika machela na mara nyingi hao nao wanapigwa palepale, hii ikipigwa kimeharibika chuma, hakuna mama anayeletewa taarifa.

Shida inaanza wakipachika bunduki pale juu. Chombo cha remoti kinategemea mawimbi, na vitani adui anaanza na kuyavuruga. Warusi yaliwakuta Syria 2018 na Uran-9, roboti yao yenye silaha, ilitakiwa iongozwe kutoka kilomita kadhaa, kwenye majengo mawasiliano yakawa yanakata kwenye mita 300 mpaka 500. Sasa dawa ambayo watengenezaji wanaikimbilia ni kuipa mashine akili ijiongoze mawasiliano yakikata. Kujiongoza kurudi kambini sina neno. Ila akili hiyohiyo ukiiunganisha na bunduki, unaiachia ichague wa kumpiga saa ileile ambayo hakuna mtu anayeiona.

Mtasema atakuwepo mtu wa kuidhinisha. Machi 2003 kwenye vita vya Iraki mtambo wa Patriot wa Wamarekani, ule wa kutungua ndege na makombora, ulidungua ndege ya Waingereza, washirika wao kabisa, wanajeshi wawili waliokuwemo wakafa. Mtambo uliisoma ndege kama kombora, na askari walikuwepo palepale, ila muda ulikuwa mfupi sana wakaiamini skrini. Tena hiyo ni angani kwenye vitu vichache, huku chini kuna mchunga mbuzi na fimbo yake begani, kuna askari kanyoosha mikono anasalimu amri. Mwanajeshi akimpiga huyo, mahakama ipo. Roboti ikimpiga tunamshtaki nani, kamanda, aliyeandika programu au muuzaji? Desemba 2023 pale Umoja wa Mataifa nchi 152 zilipiga kura kwamba suala hili la silaha zinazojiamulia lishughulikiwe haraka, 4 zikapinga, na mkataba wa kuzibana nchi bado haujapatikana.

Kwahiyo ya machela na ya mabomu nyota 5, hata vijana wetu wanaolinda amani Congo ningependa wawe nayo. Ya bunduki nyota 2, ni za cheni na betri tu. Wakitaka ya tatu, mawimbi yakikata bunduki ijifunge hapohapo, na iwe kwa kufuli la chuma, siyo setingi ya kompyuta ambayo mtu anaweza kuibadili usiku mmoja.