Kamera bei chee, simu dakika 20

Nimenunua Canon EOS R10 na lenzi yake ya 18-45mm kwenye mojawapo ya yale maduka makubwa ya mtandaoni yanayotamba kwa bei za chini. Bei ilikuwa chini kweli, na kamera yenyewe sina neno nayo. Shida ni ile simu.

Nililipa usiku. Asubuhi kijana akanipigia "kuthibitisha oda". Jina? Ndilo. Anwani? Ndiyo hiyo. Kisha sauti ikalainika: "Kaka, betri umeshachukua?" Betri gani tena? Boksi la R10 linakuja na betri ya LP-E17, chaja na mkanda wa shingoni. Akasema hiyo ya kwenye boksi ni ya kujaribia tu, haifikishi hata nusu saa, kwa hiyo wateja wote wanaongeza "ile ya kudumu". Ya kujaribia! LP-E17 ndiyo ninayotumia kwenye kamera yangu ya zamani, miaka sasa.

Nilipoikataa akahamia kwenye filta, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi, "inakaa sawasawa na lenzi yako", ya kipenyo cha 58mm. Nikamwambia lenzi hiyo inachukua 49mm. Kimya. Nikasikia kibodi ikigongwagongwa, halafu akarudi na sauti nyingine kabisa, kavu: stoo inaonyesha kamera imeisha, huenda nikasubiri wiki 6. Dakika chache nyuma alikuwa ameniambia inatoka siku hiyohiyo. Nikamjibu, basi rudisheni hela yangu. Loo, kumbe imebaki moja!

Ilifika baada ya siku 4, boksi zima, namba ya utambulisho (serial) ya kamera ikifanana na ya kwenye boksi (likague hilo kabla hujatupa hata karatasi moja). Ila kadi ya waranti haikuwa ya Canon, ilikuwa ya duka. Nikaandikia huduma kwa wateja. Wa kwanza akaniomba namba ya oda, wa pili naye akaniomba namba ya oda. Wa tatu, dada mmoja, hakuzunguka: "Kaka, hizi haziletwi na wakala wa Canon, ndiyo maana bei iko hivyo. Ikiharibika unaituma kwetu, na usafiri unalipa wewe." Maneno hayo yangeandikwa kwenye ukurasa wa bidhaa, chini ya bei, nisingelalamika. Pengine ningenunua vilevile.

Kamera nimebaki nayo. Nyota 2: moja ya bei, moja ya yule dada. Kijana wa simu sina cha kumpa, ila ajue kwamba Jumapili nimepiga picha 380 na ushee kwa betri yake ya kujaribia, nikarudi nyumbani bado ina chaji.