Uvimbe wa paja: kingamwili au jeni?

Kipande cha uvimbe kilichokatwa kwenye paja la kijana wa Kondoa kina njia mbili za kupimwa ili kujua ni saratani gani. Kipimo cha kingamwili, protini inayonasa alama fulani kwenye seli, ni nafuu na majibu yake huwahi: seli zenye alama ya CD99 huonekana kahawia chini ya hadubini. Shida ni kwamba sarkoma (saratani ya mifupa au tishu laini) ya Ewing hugeuka hivyo, ya sinovia mara nyingi pia, hata baadhi ya limfoma, saratani za mfumo wa limfu.

Kipimo cha jeni huenda kwenye chanzo: jeni ya EWSR1 ikiungana na ya FLI1 ni Ewing, SS18 ikiungana na SSX ni sinovia. Ni ghali, kweli. Mimi ningeanza na kingamwili, jeni nikaiwekea kesi tata. Ila kipande kikikaa wiki nzima kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, huko Dodoma kikisubiri safari ya Dar es Salaam, DNA huharibika. Bora kisafiri kikiwa tayari kimegandishwa kwenye nta.