Uzoefu wangu wa kuonja mvinyo mwekundu wa miaka tofauti jijini Arusha

Kuna duka moja la mvinyo jijini Arusha ambalo, mbali na kuuza chupa, huandaa jioni za kuonja mvinyo mmoja, wa shamba moja, uliotokana na mavuno ya miaka mbalimbali. Ada ni shilingi 150,000 kwa mtu, na ndani yake kuna glasi nne, mkate, jibini na nyama iliyokaushwa. Si fedha ndogo kwa mtu anayetoka Moshi na kulazimika pia kutafuta mahali pa kulala, kwa kuwa baada ya glasi nne hakuna anayepaswa kushika usukani. Hata hivyo naona ada hiyo ni halali, na sababu yake kubwa ni glasi ya nne, ambayo nitaieleza baada ya kuzipitia tatu za mwanzo.

Mvinyo uliochaguliwa ulikuwa wa zabibu aina ya Cabernet Sauvignon kutoka Stellenbosch, Afrika Kusini, wa mavuno ya 2021, 2015 na 2008. Mwenyeji wetu, mama wa makamo anayeifahamu kazi yake vizuri, alianza kwa kutukumbusha kwamba mwaka unaoandikwa kwenye lebo ni ule ambao zabibu zilichumwa, si ule ambao chupa ilijazwa wala kuingia sokoni. Uchaguzi wa zabibu hiyo ulikuwa wa busara. Punje zake ni ndogo na maganda yake ni mazito, hivyo mvinyo wake huanza maisha ukiwa na rangi nyingi na tanini (kile kinacholeta ukakasi) nyingi, na hivyo ndivyo vitu ambavyo umri hupata nafasi ya kuvifanyia kazi.

Glasi ya 2021 ilikuwa nyekundu iliyokolea, na ukingo wake ulielekea zambarau. Harufu ya matunda ilijitokeza mara moja, ikifuatwa na ile ya ubao wa mwaloni na vanila inayotoka kwenye mapipa. Kinywani ulikuwa na nguvu, lakini ukakasi wake ulikuwa mkali kiasi cha kukausha ulimi na fizi, kama ule wa ndizi mbichi. Ukakasi huo ndio tanini, ambayo hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kwa kiasi fulani kwenye mbao za pipa. Wageni wengi mezani waliupenda huu kuliko yote, nami sioni kosa katika hilo. Mtu anayependa ladha ya tunda bichi hana sababu ya kusubiri miaka kumi.

Tofauti ya kweli ilianzia kwenye 2015. Zambarau ilikuwa imetoweka ukingoni na wekundu umepungua ukali. Ukakasi ulikuwepo, ila ulikuwa laini, na nyuma ya matunda kulikuwa na harufu za tumbaku, ngozi na majani makavu ambazo 2021 haukuwa nazo hata kidogo. Mwenyeji alieleza kwa utulivu kinachotokea ndani ya chupa, na maelezo yake yalikuwa sahihi: rangi ya mvinyo mwekundu inatokana na anthosianini za maganda, na kadiri miaka inavyopita anthosianini hizo huungana na tanini, na tanini zenyewe huungana zenyewe kwa zenyewe, zikaunda minyororo mirefu ambayo kinywa huisikia kwa namna tofauti. Oksijeni kidogo sana inayopenya kupitia kizibo, pamoja na ile iliyobaki chupani siku ya kujazwa, husaidia mabadiliko hayo. Ikizidi, mvinyo huchakaa na kupoteza uhai wake. Ndiyo maana chupa yenye kizibo cha gome hulazwa, ili kizibo kibaki kimelowana na kisisinyae kikaruhusu hewa kuingia.

Kwa 2008 nilivutiwa zaidi na rangi kuliko ladha. Ukiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe unaona ukingo wa rangi ya tofali, na katikati mvinyo umekuwa mwepesi machoni, kwa sababu sehemu ya rangi na tanini zilizoungana imekuwa nzito mno kuelea na imezama kuwa mashapo. Mvinyo mweupe hufanya kinyume chake, kwani wenyewe huongezeka rangi unapozeeka. Harufu ilikuwa ya uyoga, udongo uliolowa na tini kavu; matunda mabichi hayakuwepo tena. Kwangu ulikuwa umepita kilele chake kidogo, kwa kuwa ladha ilianza vizuri na kukatika mapema, ingawa jirani yangu alisema ndio mvinyo bora aliowahi kuonja, na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Hapa nina lalamiko. Chupa kuukuu yenye mashapo husimamishwa wima kwa siku moja au zaidi kabla ya kufunguliwa, kisha mvinyo humiminwa taratibu kwenye jagi la kioo, na mmiminaji huacha mara tu mashapo yanapofika shingoni. Chupa yetu ilitolewa ikiwa imelala, ikafunguliwa palepale na kuzungushwa mezani. Sisi tuliokaa mwisho wa meza tulipata mvinyo wenye ukungu na chembe chungu. Mashapo hayamdhuru mtu, lakini katika jioni inayouzwa kwa jina la mvinyo uliokomaa, jambo hilo halikupaswa kutokea.

Sasa glasi ya nne. Ilikuwa 2015 tena, shamba lilelile na lebo ileile, ila chupa hiyo haikuwa imelazwa katika chumba cha baridi cha duka, ambacho huwekwa kwenye nyuzijoto 13 mwaka mzima. Ilikuwa imesimama kwa miaka kadhaa kwenye rafu ya kawaida, karibu na dirisha, katika nyumba iliyoko Moshi. Tulipewa bila kuambiwa, na karibu meza nzima ilikisia kwamba ni mvinyo mzee kuliko 2008. Rangi ilikuwa imeelekea kahawia, harufu ilikuwa ya matunda yaliyopikwa kupita kiasi, na mwishoni kulikuwa na uchachu uliokaribia siki. Joto huharakisha kila badiliko la kikemia ndani ya chupa, lakini haliyaharakishi yote kwa uwiano uleule, na kwa hiyo mvinyo uliokaa kwenye joto haukomai mapema, bali huharibika kwa njia yake. Joto linalopanda na kushuka ni baya zaidi, maana kimiminika hutanuka na kusinyaa, kikisukuma kizibo na kuvuta hewa. Mwanga wa jua nao una madhara yake.

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na usiku wake wa Juni na Julai ni wa baridi. Moshi iko chini ya mita 1,000, na kuanzia Januari hadi Machi joto la mchana hupita nyuzi 30 bila shida. Tangu jioni ile, chupa kuukuu inayouzwa kwa bei ya juu kwenye rafu iliyo wazi hainishawishi tena, hata mwaka wake ukiwa wa kuvutia vipi. Swali la kumuuliza muuzaji ni mahali chupa ilipokaa, na asipoweza kujibu, ni afadhali kununua mvinyo mchanga.

Mzee mmoja aliuliza kama ni kweli kwamba mvinyo ukikaa sana huongezeka kilevi, imani ambayo nimeisikia mara nyingi kwetu. Mwenyeji alimjibu, "Hapana, mzee wangu, uchachushaji huisha kabla chupa haijajazwa, ulioingia na asilimia 14 utatoka na 14." Huenda imani hiyo inatokana na mbege, pombe yetu ya ndizi, ambayo kweli huendelea kuchachuka ndani ya chombo na kubadilika siku hadi siku, mpaka inakuwa kali isiyonyweka.

Alisisitiza pia, na ningependa angelisema mapema zaidi, kwamba mvinyo mwingi mwekundu duniani haukutengenezwa kusubiri. Beaujolais Nouveau wa Ufaransa huuzwa Alhamisi ya tatu ya Novemba ya mwaka uleule wa mavuno. Kwa upande mwingine, Barolo wa Italia hauruhusiwi kuuzwa kabla ya miezi 38, 18 kati yake ikiwa ndani ya pipa, na Rioja wa daraja la Gran Reserva wa Hispania hukaa angalau miaka mitano. Nilitamani zabibu za Dodoma zipewe zaidi ya sentensi moja, kwa sababu mizabibu ya kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ningefurahi kuonja mavuno hayo mawili yakiwa yamewekwa bega kwa bega.

Mambo mengine ni madogo. Glasi zilikuwa nyembamba mno kwa mvinyo wenye harufu nyingi, muziki ulikuwa juu, na kachumbari yenye pilipili iliyoletwa katikati ya 2015 na 2008 iliua ulimi wangu kwa robo saa nzima. Jibini na nyama vilikuwa vizuri, na jibini gumu liliupoza ukakasi wa 2021 kwa namna iliyonishangaza.

Duka linakodisha pia nafasi katika chumba chake cha baridi kwa wateja wanaotaka kutunza chupa zao, na huduma hiyo naipendekeza kwa wakazi wa Moshi kuliko jioni yenyewe. Mimi nimeacha pale chupa kadhaa za 2021. Ukinunua chupa ya kubeba, safiri asubuhi na mapema, iweke ndani ya gari penye kivuli na si kwenye buti, na kama ni kuukuu, ipe siku kadhaa za kutulia nyumbani kabla hujaigusa.