TAHADHARI: "Mchoro halisi wa 1882" wa Impatiens sultani unaouzwa mtandaoni

Wanunuzi wa picha za kale, hasa mnaopamba hoteli na nyumba za wageni: mchoro wa ua liitwalo Impatiens sultani unauzwa kama "halisi, umepakwa rangi kwa mkono", na nyingi ya nakala hizo zimetoka kwenye printa.

Mchoro wenyewe upo kweli. Ni kielelezo namba 6643 cha jarida la London, Curtis's Botanical Magazine, lililoanza 1787 na kuendelea kupakwa rangi kwa mkono hadi 1948. Ua ni la pori la Afrika Mashariki, na jina ni heshima kwa Sultani wa Zanzibar. Enzi hizo ni Barghash. Matoleo ya zamani ya jarida hilo yapo bure kwenye maktaba ya mtandaoni, Biodiversity Heritage Library. Muuzaji anapakua picha, anaichapa kwenye karatasi tupu iliyokatwa kwenye kitabu kikuukuu au iliyochovywa kwenye chai ya rangi, kisha anataka alipwe kwanza.

Anza na rula. Ukurasa wa jarida ni takriban sentimita 24 kwa 15. Ukiletewa A3 isiyo na mkunjo, rudisha.

Halafu azima lenzi ya sonara, ya kukuza mara 10, uangalie petali moja. Printa huacha nukta ndogondogo za samawati, waridi, njano na nyeusi, hata pale macho yanapoona rangi moja tu. Rangi ya brashi haina nukta: imetanda, ni nzito pale brashi ilipoishia, na mara nyingine imevuka mstari kidogo. Mstari wenyewe ni mweusi mtupu, haukuundwa kwa rangi nne. Soma pia maandishi madogo ya chini. Kwenye nakala halisi herufi zinasimama wazi. Kwenye nakala ya printa kingo zake zimechakaa kama muhuri uliolowa.

Wajanja wa sasa wanakandamiza karatasi ili kuwe na alama ya bati (mbonyeo unaoachwa na bamba la shaba la kuchapia) kuzunguka picha, na wanajisifu nayo. Hapo wamejifunga wenyewe: tangu katikati ya miaka ya 1840 vielelezo vya jarida hili vilichapwa kwa jiwe, na jiwe haliachi mbonyeo ule. Alama hiyo ni ya vielelezo vya awali vya shaba, na hata huko mara nyingi imekatwa na mkata vitabu.

Taa ya kukagulia noti nayo inasaidia. Karatasi ya kisasa mara nyingi hung'aa buluu-nyeupe gizani. Ya 1882 hubaki imefifia. Lakini karatasi kuukuu iliyochapwa jana itaipita taa hiyo, kwa hiyo usiiamini peke yake.

Kuna na udanganyifu mwingine, mgumu zaidi: kielelezo cha kale kweli, kutoka vitabu vilivyouzwa pia bila rangi, kikapakwa rangi mwaka huu. Tafuta doa la kutu linalokutana na rangi. Rangi ikiwa imekaa juu ya doa, ni mpya.

Kabla ya kutuma hela, dai picha ya nyuma ya karatasi, ya kingo zote nne, na ya petali kupitia lenzi. Akikutumia tena picha ileile ya tangazo, achana naye. Na usijaribu rangi kwa kidole chenye mate, maana ya halisi ni rangi ya maji, itatoka.