Mafuta ya mgando yasiyo na manukato: wapi yanafaa, wapi unajisumbua

Mimi ni msusi, na mikono yangu inashinda majini. Naosha vichwa kutwa nzima, na katikati ya shampuu moja na nyingine kuna rangi na dawa za kulainisha nywele. Ngozi ya pembeni mwa kucha ikishaanza kuchanika, hata kushika sindano ya kushonea nywele ni adhabu. Kwa hiyo nikipima mafuta sihangaiki na harufu wala uzuri wa kopo. Naangalia kama kesho yake nitaweza kuingiza vidole kwenye povu bila kuuma meno.

Ninayoyazungumzia hapa ni mafuta ya mgando ya kawaida kabisa, yale meupe ambayo orodha ya viambato vyake ina kitu kimoja tu: petrolatum. Siyo ya rangi ya waridi, siyo yenye manukato ya maua, siyo yaliyoandikwa “ya kung’arisha”. Ukiona orodha inashuka mistari minne, hiyo ni bidhaa nyingine, na sifa ninazozitoa hapa usizibebeshe hiyo.

Mafuta haya hayana tone la maji, wala hayaiongezei ngozi maji. Kazi yake ni kuziba. Ngozi hupoteza maji muda wote, hata usipotoka jasho, na petrolatum hutajwa na wataalamu kuwa inapunguza upotevu huo hadi karibu asilimia 98, wakati mafuta mengine mengi yanayotiwa kwenye losheni huishia kati ya asilimia 20 na 30. Ni mfuniko wa sufuria: unazuia mvuke usitoke, lakini sufuria tupu itabaki tupu. Mtu anayepaka kwenye magaga yaliyokauka tangu asubuhi, kisha akalalamika kwamba ngozi imeng’aa juu tu na chini bado inakwaruza, amefunika sufuria tupu.

Kwa hiyo muda wake ni ukitoka kuoga. Jifute kwa kugusagusa tu, ngozi ibaki na unyevu, chota kidogo sana, kisha sugua viganjani mpaka yalainike kwa joto la mwili. Hapo ndipo upake. Wengi wanachota kidole kizima halafu wanasema yanagandamana na nguo. Yatagandamana, ndiyo, umepaka ya watu watatu.

Mikononi nina utaratibu wangu wa usiku. Natanguliza gliserini kidogo kwenye ngozi yenye unyevu, kwa sababu gliserini ndiyo inayovuta na kushika maji, kisha mgando unakuja juu kuyafungia. Navaa glavu za pamba, nalala. Miguuni ni hivyohivyo, ila huko ni soksi. Nimewahi kupewa zawadi ya krimu ya mikono ya bei kubwa, yenye kopo zito na maelezo marefu, na ilikuwa nzuri, naipenda harufu yake mpaka leo. Ila ikishakutana na maji ya kwanza ya asubuhi imekwenda na maji. Mgando unabaki, na nyufa zangu hufunga ndani ya siku chache nikishika utaratibu. Nikiuacha, zinarudi. Sijaona mafuta yanayotibu mikono ambayo bado inarudi majini kila siku.

Historia yake inanifurahisha. Mwaka 1859 mkemia kijana aitwaye Robert Chesebrough alikwenda Titusville, Pennsylvania, kulikochimbwa mafuta ya petroli Marekani. Akakuta wafanyakazi wanalaani uchafu mzito wa nta unaogandia kwenye vyuma vya pampu, huku wakiupaka wenyewe kwenye majeraha yao. Akauchukua, akausafisha kwa miaka kadhaa, na mwaka 1872 akapata hataza ya bidhaa aliyoiita Vaseline. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijiunguza ngozi mbele za watu kisha anajipaka, ili wanunue. Alifariki mwaka 1933 akiwa na miaka 96, na inadaiwa alikuwa akila kijiko chake kila siku. Shoga, usile.

Saluni kwangu kopo halikauki. Dawa ya kulainisha nywele ina alkali kali, nyingine ni sodiamu haidroksaidi kabisa, na ikigusa ngozi inaunguza. Kabla ya kufungua dawa napaka mgando kuanzia mstari wa nywele kwenye paji la uso, nauzungushia kwenye masikio, namalizia kisogoni. Kwenye rangi nyeusi ni hivyohivyo, mteja asitoke na doa la wino kwenye shavu. Ila mkono uwe mwepesi: mgando ukipanda kwenye nywele zenyewe, rangi haishiki hapo, na utabaki na kiraka. Kuhusu kuyafanya mafuta ya nywele ya kila siku, mimi sikubali. Shampuu inahangaika kuyatoa, vumbi linanasa, na baada ya muda nywele zinakuwa nzito na zimepoa. Ninaowaosha wanaoyatumia nawajua kabla hawajasema, naona maji yanavyoteleza bila kuingia.

Usoni ndipo maneno yanapokuwa mengi. Siku hizi kuna mtindo wa kulala umejipaka uso mzima. Petrolatum safi yenyewe haijulikani kwa kuziba vinyweleo, lakini Chuo cha Madaktari wa Ngozi cha Marekani, ambacho kinayasifu mafuta haya kwa ngozi kavu, midomo na kope, kinawaambia wenye chunusi wayaache usoni. Mimi uso wangu unatoa mafuta kwenye pua na paji, kwa hiyo nayaweka kwenye midomo, juu ya kope, na pembeni mwa pua nikiwa na mafua ya kupenga mpaka ngozi inawaka. Kwa kutoa wanja sugu yako vizuri sana, ila funga macho na uwe na pamba safi, vinginevyo utatazama ukungu kwa dakika kadhaa.

Hapa naomba unisikilize dada yangu. Kwa kuwa kazi yake ni kuziba, chochote ulichokipaka chini yake kinazama zaidi. Krimu yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho, au zile za kujichubua ambazo mara nyingi zina steroidi bila kuandikwa, zikifunikwa na mgando zinapata nguvu ambayo hukuipanga. Ngozi inakonda, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka. Asidi za kuondoa ngozi iliyokufa na retinoli, ile vitamini A ya kupaka, nazo huuma zaidi zikifunikwa. Kama umepewa krimu na daktari, muulize kwanza. Kama hukupewa na daktari, basi tatizo lako siyo mgando.

Kwenye mkwaruzo mdogo uliosafishwa kwa maji na sabuni napaka tabaka jembamba na kufunika. Madaktari hao hao wa ngozi wanashauri kidonda kidogo kibaki na unyevu badala ya kuachwa kikauke na kufanya gamba gumu, na alama inayobaki huwa ndogo. Mapaja yanayosuguana ukitembea sana kwenye joto, paka kabla ya kutoka. Hapo sijapata cha kuyashinda.

Sasa yale ambayo hayafai, na watu wanayafanya. Kwenye tendo la ndoa hapana: mafuta yoyote ya aina hii hudhoofisha kondomu za lateksi mpaka zinapasuka, na ukeni yanaweza kuchangia maambukizi ya bakteria. Ndani ya pua kila usiku hapana, yakivutwa kidogo kidogo kwa muda mrefu yanaweza kufika kwenye mapafu na kuleta nimonia. Hayakingi jua, ule mng’ao usikudanganye. Kope hayazirefushi, yanazilaza tu na kuzifanya zionekane nzito. Na ile video ya kuchanganya mgando na dawa ya meno ili kukuza matiti, jamani! Dawa ya meno inawasha, ngozi inavimba, na anayerekodi anauita huo uvimbe matokeo.

Lingine halisemwi sana. Kitambaa kilicholowa mafuta yenye parafini kinashika moto haraka, na mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2018, ikieleza kwamba kufua hakuyaondoi yote. Mimi nafanya kazi na pasi za nywele na vikaushio, kwa hiyo taulo zangu za mgando nina rundo lake mbali na moto. Nyumbani, anayelala na glavu na soksi kama mimi azitenge pia, na asiwashe mshumaa kando ya kitanda.

Uamuzi wangu: mikono, miguu, midomo na kope, siyaachi. Uso wenye chunusi na nywele, tafuta kingine. Lawama yangu kubwa ni kopo lenyewe. Mdomo wake mpana unaita kila kidole cha nyumba nzima, mtoto anachota akitoka kucheza, na wiki ya pili unaona nyuzi za blanketi ndani. Chota kwa kijiko kidogo kisafi, au nunua ya tyubu kwa ajili ya midomo na macho, uandike jina lako, na kopo kubwa uliache la visigino.